Wana wa Kiungani na Matumaini ya Walezi Wao

Utakapoingia mwezi wa Januari, watoto wawili ambao Mwenyezi Mungu alitujaalia kuwalea bila ya kuwazaa, mvulana na dada yake aliyemfuata kwa mwaka mmoja tu, watavaa sare mpya na kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni iliyo mbali na kwetu Tanga. Na mimi, niliyewafunga vifungo vya mashati yao walipokuwa hawajui hata jina la mtaa tunaokaa, nakesha siku hizi nikikunja mashuka na kuandika majina juu ya ndoo, huku moyo ukinienda mbio kwa mambo yasiyokuwamo katika orodha iliyotumwa na shule. Natumaini watasali bila ya kuhimizwa. Natumaini watapata rafiki mmoja mwema kabla ya kupata marafiki wengi. Natumaini kwamba siku mwenzao atakapowauliza, kama watoto wanavyoulizana pasipo hadhari, "Kwani yule ni mama yako kweli?", watakuwa na jibu lisilowaumiza. Matumaini haya nayapenda na nayaogopa pia, kwa kuwa nimeona ya kutosha kujua kwamba tumaini la mlezi laweza kumlemea mtoto kuliko sanduku la bati atakaloliinua siku ya safari.

Ndiyo sababu nimerudi kusoma habari za watu waliotutangulia katika pwani hii kwa kazi hii hii, ya kuwalea kwa jina la Kristo wana wa wazazi wasiojulikana waliko, na kuwapeleka shule wakati sauti zao zinapoanza kubadilika. Habari hizo aghalabu husimuliwa kama habari za maaskofu na majengo, nani alinunua kiwanja gani na mnara ulisimamishwa mwaka gani. Mimi nazisoma kama habari za malezi, nikitafuta katika kila ukurasa walimtumainia nani, kwa lipi, na mtoto mwenyewe alisema nini.

Kulea mtoto wa mwingine si jambo geni kwa watu wa pwani. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi kulea, na neno lao la mwana wa kupanga ni la zamani kuliko sheria yoyote ya kuasili mtoto iliyowahi kusomwa mahakamani. Nao Waislamu, ambao ni majirani zetu tangu azali, wanajua kwamba Mtume wao mwenyewe alikua yatima, akalelewa na babu kisha na ami yake, wakahesabu malezi ya yatima kuwa miongoni mwa amali bora. Lakini watoto ninaowaandika hapa hawakuja kwa njia ya ujamaa. Hawakuletwa na shangazi aliyelemewa, wala na jirani aliyeusiwa na marehemu. Walitolewa katika matumbo ya majahazi, au katika makongwa ya misafara, na aliyewapokea hakujua jina la kijiji chao, wala hakuweza kusema nao hata neno moja la kuwatuliza.

Mwanzo wa habari hauko Unguja. Uko Magomero, katika nyanda za juu za Shire, nchi ambayo leo ni Malawi. Baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwezi wa Desemba 1857 na kuwasihi wasomi wa chuo kile wasiiache kazi aliyoianza, iliundwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo waliojiunga nayo walitoka Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Na Charles Mackenzie, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mjini Cape Town siku ya kwanza ya mwaka 1861, akawa kiongozi wa msafara wake wa kwanza. Tarehe 16 Julai ya mwaka huo, katika kijiji cha Mbame, Livingstone na wenzake walikutana na msafara wa watumwa. Wachuuzi wakatimka, na watu 84, wengi wao wanawake na watoto, wakafunguliwa kamba na kuvuliwa makongwa shingoni. Askofu hakuwa amekuja kulea watoto. Alikuwa amekuja kuhubiri, na katika mizigo yake hapakuwa na kitu kilichotayarishwa kwa ajili ya mtoto anayeamka usiku akilia kwa lugha isiyoeleweka. Hata hivyo watoto walikuwapo, hawana pa kwenda, na aliyekuwa karibu nao akageuka kuwa mzazi. Ulezi wa Kikristo katika sehemu zetu ulianza hivyo, pasipo azma wala maandalio, na nadhani wengi waliopanga watoto wataitambua asubuhi ile bila ya kuelezwa zaidi.

Mackenzie alifariki kwa homa tarehe 31 Januari 1862, karibu na makutano ya mto Ruo na Shire, baada ya mtumbwi kupinduka na dawa kupotea majini. Ukame ukaja, njaa na maradhi yakafuata, na wengi katika waliokombolewa wakafa. Askofu wa pili, William Tozer, alipowasili mwaka 1863 aliiona nchi ile haikaliki, akaazimia kuihamisha misheni. Na katika shauri lake, wanawake na watoto waliosalia mikononi mwa misheni hawakuwa na nafasi. Hapo akasimama Horace Waller, mtu asiyekuwa kasisi, aliyeajiriwa kusimamia kazi za mikono na akiba ya chakula, akajiuzulu badala ya kuwaacha. Na kwa msaada wa Livingstone watu wapatao 40 wakateremshwa mtoni hadi baharini, naye Waller akafika na wengi wao Cape Town, ambako walipata pa kukaa na pa kusomea. Simhukumu Tozer kwa wepesi, kwa maana alikuta makaburi mengi na ghala tupu, na mtu anayeona kifo kila juma ana haki ya kuogopa. Lakini kila nisomapo habari hii moyo wangu humwelekea Waller, ambaye hakuwaahidi watoto wale kitu chochote kikubwa, hakusema watakuwa mapadre au walimu, alisema tu kwamba hawaachwi.

Miongoni mwa watoto wa Magomero walikuwamo wavulana wawili, Chuma na Wekotani, ambao Livingstone aliwachukua katika chombo chake hadi Bombay mwaka 1864, akawaacha wasome katika shule ya misheni ya mji ule, kisha akarudi nao Afrika mwaka 1866 wakiwa vijana wa kusimama. Tumaini lake juu yao lilikuwa dhahiri, na lilikuwa jema: wamesoma, wamebatizwa, wanajua dunia, basi watafuatana naye bara na kuwa mfano kwa wenzao. Walipokaribia kusini ya Ziwa Nyasa, Wekotani alikutana na ndugu yake, akapata habari za jamaa zake walio hai, akasema anataka kubaki. Livingstone akamwacha, akampa karatasi za kuandikia barua. Chuma akaendelea na safari, na mwaka 1873, pamoja na Susi na watumishi wenzao, akauchukua mwili wa bwana wao Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo, walikowasili mwezi wa Februari 1874. Na aliyesoma maneno ya maziko porini, mbele ya mti ulioandikwa jina la marehemu, alikuwa Jacob Wainwright, naye pia mwana wa kukombolewa aliyelelewa na wamisionari huko Nasik, bara Hindi.

Waandishi humsifu Chuma kwa uaminifu wake, na anastahili sifa zote walizompa. Ila sikubali kwamba Wekotani ahesabiwe kuwa tumaini lililopotea. Mtoto aliyeuzwa akiwa mdogo, akapelekwa ng'ambo ya bahari, akafundishwa kusoma na kuomba, na baada ya yote hayo bado akautambua uso wa ndugu yake njiani, huyo malezi hayakumharibikia. Mwenye kupanga mtoto akishindwa kuyafurahia makutano ya namna ile, ni afadhali ajichunguze ni nini hasa alichokuwa akikitumainia.

Tozer, pamoja na Dkt. Edward Steere aliyekuwa msaidizi wake, alitia nanga Unguja tarehe 31 Agosti 1864. Na haukupita muda mrefu Sultani Seyyid Majid akampa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Askofu yule yule aliyewaona watoto wa Magomero kuwa mzigo uliozidi nguvu zake akawa sasa na watano wa kwake, wa kulishwa, wa kuogeshwa na wa kufundishwa, ndani ya nyumba ya mawe mjini. Naamini ilikuwa rehema ya Mungu kumpa mtu huyo nafasi ya pili, na kwa haki yake ni lazima niseme kwamba aliishika kwa mikono miwili. Katika watano hao walikuwamo Swedi na Mabruki, walioitwa baada ya ubatizo John Swedi na Francis Mabruki. Na Swedi, mwaka 1879, aliwekewa mikono kuwa shemasi.

Mwaka 1866 misheni ilinunua shamba la Kiungani, kusini ya mji, mwendo usiotimia saa moja kwa mguu, ikajenga humo shule iliyopewa jina la Mtakatifu Andrea. Kila manowari ya Kiingereza ilipokamata jahazi, shule ilipata watoto wengine, na kila kundi lilikuja na lugha zake, Kiyao, Kinyasa, Kimakua na nyinginezo, hata ikawa Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama wa hata mmoja wao, ndicho kilichowafanya waweze kuombana chumvi mezani na kugombana uwanjani. Steere, aliyekuwa na masikio makali ya lugha, alitoa mwaka 1870 kitabu cha sarufi na kingine cha hadithi za Unguja, na katika kiwanda chake cha chapa vijana wa shule walipanga herufi za risasi kwa mikono yao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Kiswahili cha mwanzo kilichochapwa kwa herufi za Kirumi ilipita katika vidole vya watoto waliokuwa wamejifunza lugha hiyo kwa sababu ya msiba. Sijui kama wanaofundisha insha shuleni huwaambia wanafunzi wao habari hiyo. Kwangu ni habari ya fahari.

Tumaini la Kiungani lilikuwa kubwa na lilikuwa moja: kwamba kijana aliyeibwa kutoka Uyao au Unyasa atarudi huko akiwa mwalimu, shemasi, hata kasisi, aikomboe nchi iliyoshindwa kumlinda. Kwa minajili hiyo walezi walikataa kumgeuza mtoto kuwa Mwingereza. Alivaa kanzu, alikula chakula cha nchi, alisali kwa Kiswahili, na wakuu wa misheni walisema na kurudia kwamba wanataka Wakristo wa Kiafrika. Ni fikra ya busara, nayo iliwatofautisha na wengi wa zama zao. Walakini tumaini lililo moja kwa watoto wote lina kasoro yake, kwa maana watoto si wamoja. Makanisa na shule za Uingereza zilichanga kila mwaka kwa ajili ya mtoto fulani wa Kiungani, na aliyechanga alitaka kusikia kwamba mtoto wake anaendelea vema katika masomo; na kijana ambaye akili yake ilikuwa mikononi, anayependa randa na msumeno kuliko kamusi, alihamishiwa Mkunazini kujifunza useremala au uashi, na uhamisho huo, hata uliposemwa kwa upole, ulisikika masikioni mwake kama hukumu. Wengine walimaliza masomo, wakaona mshahara wa karani mjini au wa mkalimani wa misafara unazidi posho ya mwalimu wa kijijini, wakaenda zao, na walezi wakaandika kwa uchungu kwamba wamepoteza kijana. Lakini kijana alikuwa hai, ana kazi halali, anajua kusoma, na pengine Jumapili anakwenda kusali. Mzazi wa damu angeliita jambo hilo mafanikio.

Naandika haya kwa kujionya. Mvulana wetu hufungua kila redio mbovu inayoingia nyumbani, akazipanga nyaya zake sakafuni kama mshona nguo anavyopanga uzi, na baba yake, ambaye ni mtu wa vitabu, amekwisha kumwona moyoni mwake akiwa amesimama mimbarini.

Kwa upande wa wasichana palikuwa na Mbweni, shamba lililonunuliwa mwaka 1871 kusini zaidi ya Kiungani, ambako misheni ilijenga shule ya Mtakatifu Maria na kijiji cha watu wazima waliokombolewa. Caroline Thackeray, binamu wa mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray, alifika mwaka 1877 kuiongoza shule hiyo, akaiongoza robo karne, na hata alipoacha kazi hakurudi kwao. Alibaki Mbweni mpaka kifo chake mwaka 1926, akazikwa hapo hapo. Sina haja ya kuongeza neno juu ya mapenzi ya mtu wa namna hiyo. Nina neno moja tu juu ya tumaini lililowekwa mbele ya wasichana wake, ambalo hasa lilikuwa kwamba waolewe na vijana wa Kiungani, wawe wake wa walimu na mama wa nyumba za Kikristo. Wengi wao walikuwa walimu hodari kwa haki yao wenyewe, wakafundisha mamia ya watoto, na bado katika taarifa za zama zile hutajwa baada ya waume zao, kama anavyotajwa Lucy Magombeani, aliyeolewa na Cecil Majaliwa. Binti yetu anasema anataka kuwa nahodha wa meli. Alipolisema mara ya kwanza nilicheka, sijacheka tena.

Mapatano ya tarehe 5 Juni 1873, aliyoyatia sahihi Sultani Seyyid Barghash, yalifunga soko la watumwa la Mkunazini, na sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa kuu linalosimama mpaka leo. Kulifungwa soko lakini biashara haikukoma siku moja. Majahazi yalijificha usiku, manowari London ilikaa bandarini miaka kadhaa kama ngome inayoelea, na watoto wakazidi kuletwa. Pwani ya bara ilikuwa na walezi wengine, nao nawataja kwa haraka kwa kuwa kila mmoja wao anastahili insha yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, wakiwanunua watoto sokoni ili kuwaacha huru, wakawafundisha kilimo na ufundi, wakawaoza na kuwapa nyumba katika kijiji cha Kikristo. Huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Church Missionary Society ilianzisha Frere Town mwaka 1875, ambapo kengele ya kuwatahadharisha watu wasivamiwe na wenye watumwa imeuachia mtaa jina la Kengeleni; na wasaidizi wake wa kwanza walikuwa Waafrika waliolelewa bara Hindi, wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, wakapewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Mwana wa mji huo, James Mbotela, alichapisha mwaka 1934 kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*, na nakipenda kwa sababu humo habari ya ukombozi inasimuliwa kwa Kiswahili na mtu ambaye baba yake mwenyewe alikuwamo katika waliokombolewa.

Turudi kwa watu wa Unguja. Mwaka 1876 Steere, ambaye sasa alikuwa askofu, aliwachukua wazidio 50 katika waliolelewa na misheni, akavuka nao hadi Lindi, akaanza nao mwendo wa bara, na makusudi yake yalikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, kwenye nchi walizotekwa. Walipofika Masasi, mahali penye vilima vya mawe, maji mazuri na ardhi nyeusi, wao wenyewe walisema hapa panatosha, hatuendi mbele. Askofu alikuwa na ramani, alikuwa na ahadi aliyowapa wafadhili, alikuwa na tumaini ambalo misheni ililibeba tangu Cambridge. Akayakunja yote, akakubali, wakapima viwanja na kujenga. Miaka sita baadaye, mwezi wa Septemba 1882, wapiganaji walioitwa Magwangwara walikivamia kijiji hicho, wakaua na kuteka, na waliokwisha kukombolewa mara moja wengine wakaingia utumwani mara ya pili. Steere hakupata kuisikia habari hiyo, kwa kuwa alikuwa amefariki Unguja mwezi uliotangulia. Lakini Masasi haikufa. Watu waliochagua mahali kwa macho yao walirudi kupajenga, na dayosisi iliyozaliwa hapo ingalipo.

Aliyekaribia mno kulitimiza tumaini la Kiungani kama lilivyoandikwa alikuwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyekombolewa akiwa mtoto, akasoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, akarudi. Na mwaka 1890 Askofu Smythies akampa ukasisi, wa kwanza kwa Mwafrika katika misheni ile. Alikuwa amekwisha kupelekwa Chitangali, miongoni mwa Wayao, akakaa huko peke yake bila ya Mzungu wa kumsimamia, akihubiri kwa lugha aliyozaliwa nayo kwa watu waliokuwa wa kabila lake, na kanisa lake likakua hata wakuu wake wakastaajabu. Jina lake la utotoni lilibaki katika jina lake la ukasisi, na jina lenyewe, kwa mwenye kujua Kiswahili, lina maana ya kutosha. Mimi hupenda kuifikiria siku yake ya kwanza Chitangali, mtu mzima mwenye Kiingereza cha Canterbury na Kiswahili cha Unguja, akifungua kinywa mbele ya wazee ili aseme Kiyao, lugha aliyoiacha akiwa na umri wa mtoto. Sidhani palikuwa na mlezi aliyeitunza lugha hiyo kwa ajili yake. Aliitunza mwenyewe, yeye na wenzake wachache waliokuwa wakinong'onezana wakati wa kulala.

Kiungani haiko tena kama shule. Katika miaka ya 1920 chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishiwa bara, kikatulia Minaki, katika wilaya ya Kisarawe, kikawa shule ya sekondari iliyosomesha vizazi vya vijana wa Tanganyika, na baada ya uhuru serikali ikaitwaa. Wanafunzi wa Minaki walikuwa na wazazi waliowasindikiza, waliowalipia karo na kuwangoja likizo.

Lakini kuna jambo moja lililofanyika Kiungani ambalo linanishughulisha kuliko yote niliyokwisha kuyataja. Alikuwapo huko mwalimu mmoja, A. C. Madan, ambaye wengi wanamjua kwa kamusi zake za Kiswahili. Mwalimu huyo aliwataka wavulana waandike wanayoyakumbuka: walizaliwa wapi, mama aliitwa nani, walitekwa vipi, nani aliwauza kwa nani, walipita mito gani, walilala wapi, bahari waliionaje mara ya kwanza. Wakaandika kwa Kiswahili, kila mtu yake, naye akafasiri, na mwaka 1887 kitabu kikachapwa London kwa Kiingereza, chenye jina la *Kiungani*, na juu yake ikaandikwa kwamba kimetungwa na wavulana wa shule za misheni. Madan hakuwauliza wanatumaini kuwa nani. Kwa muda huo aliweka kando yote yaliyotumainiwa na maaskofu, na wafadhili, na yeye mwenyewe, akawapa karatasi na wino, akanyamaza. Kijana aliyekuwa amehesabiwa katika daftari la manowari, kisha katika daftari la balozi, kisha katika orodha ya wanaofadhiliwa, akapata sasa ukurasa ulioanza na kijiji chao.

Watoto wetu walikuja kwetu mmoja akiwa na miaka sita na mwingine mitano. Wana mama waliyemjua, na mto waliokuwa wakiteka maji, na wimbo ambao binti huimba nusu nusu anapofua, akanyamaza nikiingia uani. Kwa miaka yote hii niliogopa kuwauliza, nikijiambia kwamba nawakinga na majonzi. Na sasa nashuku kwamba niliyekuwa nikimkinga ni mimi.

Juma lililopita nilinunua madaftari yote yaliyomo katika orodha ya shule, na juu yake mawili makubwa yenye jalada gumu, ambayo hayamo. Niliwapa jioni baada ya sala, nikawaambia kwamba haya si ya somo lolote, hayatasahihishwa, wala sitayaomba nione. Kwamba kama wanakumbuka mambo ya kabla ya kuja kwetu, na wakapenda kuyaandika, basi mahali pa kuyaandika ni hapo. Mvulana alilitazama lake, akalirusha rusha mkononi kama anayelipima uzito, akalitia chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi na bisibisi zake. Dada yake hakusema neno. Jana nilipopita mlangoni pake usiku, taa ilikuwa ingali inawaka, naye ameinama mezani akiandika, alinisikia, akageuka, akaniuliza, "Mama, ule mto wa kwetu uliitwa nani?"

Sikulijua jina lake. Nikaingia nikaketi.